Nondo za tenki la maji Rungwe: ninunue zote sasa au kidogo kidogo?

Mchimbamtaro
Wakuu, shikamooni wenye shikamoo zenu. Nina tenki la zege la lita 150,000, mradi wa maji wa kijiji kule milimani Rungwe. BOQ (orodha ya vifaa na kazi za mradi) inataka nondo karibu tani 6. Tani 4 ni za milimita 12, zilizobaki ni 10 na 16. Bei ya mkataba haibadiliki na advansi imeshaingia. Njia ni tatu: nizishushe zote kutoka Dar kabla ya mvua za Novemba, nilipie zote niziache stoo kwa muuzaji hapa mjini, au ninunue Uyole, pale Mbeya, kila hatua ikifika. Usingizi umenipaa.

Mufindi_Saiti
Kamwene kaka. Hiyo ya stoo ifute leo leo. Mimi nililipia hivyo mwaka fulani, nilipofuata mzigo nikakuta risiti yangu ipo, nondo zimeuzwa kwa wengine. Ikawa "njoo kesho", "gari liko mlima Kitonga", hadi zege la msingi likachelewa wiki tatu na mafundi wanadai posho. Halafu nondo iliyoko kwa muuzaji msimamizi hawezi kuipima, kwa hiyo haiingii kwenye hati ya malipo.

Ukizishusha saiti, soma mkataba wako kama una kipengele cha kulipia vifaa vilivyoko saiti. Kikiwepo, sehemu ya hela inarudi kabla hujamwaga zege. Kisipokuwepo, tani 6 ni hela iliyolala chini ya turubai, na vibarua hawali nondo.

Kipimo_Mbeya
Bei ya Dar inavutia, ila weka kwenye hesabu zaidi ya kilomita 800 za barabara, kisha kufaulisha mzigo pale lami inapoishia. Semi haipandi huko kwenu.

MamaZege
Hapo kwenye kufaulisha ndipo watu wanapoumia. Nondo ina mita 12, Fuso haiibebi ikiwa imenyooka, basi vijana wanaikunja katikati. Ikifika inanyooshwa kwa nyundo na bomba. Mkaguzi makini anaikataa, na ana haki: pale ilipokunjwa imeshachoka. Ukiikata nusu nayo, kila kiungo kinakula chuma. Kama mchoro unataka kipishano (pale nondo mbili zinapolaliana) cha mara 50 ya kipenyo, milimita 12 inakula sentimita 60. Tafuta gari refu, au kata kwa kufuata orodha ya ukataji, si kwa kufuata bodi ya gari.

Na nenda na mzani. Nondo halali ya 12 ina kilo 10.6 hivi, tani moja ni vipande kama 94. Ya 10 ina kilo 7.4, ya 16 karibu 19. Ukinunua kwa kuhesabu vipande na kila kimoja kimepungua nusu kilo, kwenye tani zako 4 umeibiwa karibu kilo 190 huku umesaini umepokea.

Mchimbamtaro
Dada, hiyo ya mzani sikuwahi kuifikiria. Na kutu je? Rungwe mvua haina adabu.

MamaZege
Kutu ya juu juu, ile ya kupaka vidole rangi, haina shida. Inayobanduka magamba na kuacha vishimo ndiyo ya kuogopa. Panga juu ya magogo, zisiguse udongo, turubai lipitishe hewa. Mlinzi muhimu kuliko turubai. Wanunuzi wa chuma chakavu wanafika kila kijiji.

Mzee_wa_Michoro
Mnabishana bei, hakuna aliyeuliza mchoro. Umesainiwa? Niliwahi kuona tenki limehamishwa kilima kingine baada ya kupima udongo, kuta zikabadilika, nondo za 16 zikabaki yatima.

Mchimbamtaro
Shikamoo mzee. Sakafu na kuta zimesainiwa. Paa bado, wanabishana kuhusu tundu la kuingilia.

Mzee_wa_Michoro
Marahaba. Basi leta za sakafu na kuta tu. Za paa utachukua Uyole, hata Machi.

Mchimbamtaro
Ndaga fijo. Naagiza za 12 na 16 kwa tani, si kwa vipande. Mwenye namba ya semi inayorudi Mbeya tupu aniandikie inbox.

Mufindi_Saiti
Semi tupu kutoka Dar kuja huku? Labda uiombee, kaka.