Mada: Ndege ya Dar–Bukoba imebadilishiwa muda, ofisi inasema sikutokea

Kutoka: Adelina, Malmö

Wapendwa, shikamooni wakubwa, wengine habari za huko.

Nilikwenda nyumbani kumzika baba mkubwa. Copenhagen–Addis–Dar ilikuwa tiketi moja, Dar–Bukoba nikanunua pembeni kwa shirika la ndani. Ndege ya Bukoba ilikuwa ya jioni, wakaisogeza ikawa ya asubuhi. Ujumbe wakautuma kwenye namba ya Tanzania aliyoijaza wakala, mimi nikiwa hewani. Nimetoka T3, jengo la abiria la ndege za nje pale Dar, nimeburuta mabegi hadi T2 la ndege za ndani, dada wa kaunta anatazama skrini: "Ndege yako imeshaenda, wewe umeandikwa hukutokea." Nikakata tiketi nyingine ya kesho yake kwa bei ya dirishani. Nimefika kaburi limeshafunikwa.

Sasa watu wa hemförsäkring, bima yangu ya nyumba, wanataka intyg, yaani barua ya uthibitisho, yenye PNR (ile kodi ya kuhifadhi nafasi), saa ya awali, saa mpya na mhuri. Ofisi ya Dar inasema aandike wakala. Wakala anasema hiyo ni kazi ya shirika. Na fomu ya kurudishiwa nauli inadai niambatanishe boding pasi ya safari ambayo sikusafiri! Barua hii hasa inatolewa na nani?

Kutoka: Baba Koku, Uppsala

Pole sana mwanangu, Mungu amlaze mzee wetu pema. Usihangaike na Dar. Ulianzia Copenhagen, dai EU261, ile sheria ya Ulaya ya fidia kwa abiria wa ndege, ni euro 600 hizo. Mimi walinilipa nilipochelewa Frankfurt.

Kutoka: Bi Salma, Stockholm

Baba Koku, kwa heshima zote, usimpoteze mtoto wa watu. EU261 inamlinda anayeondoka Ulaya, au anayekuja Ulaya na shirika la Ulaya. Ndege yake ya kutoka Copenhagen haikuwa na kosa lolote. Kilichoharibika ni safari ya ndani ya Tanzania, tiketi nyingine, shirika lisilo la Ulaya. Hapo hakuna euro hata moja.

Jambo la kutazama ni namba ya tiketi, ile ya tarakimu 13. Tatu za mwanzo zinaonyesha shirika lililotoa tiketi: 071 ni Ethiopian, 157 ni Qatar. Kama kipande cha Bukoba kimo ndani ya namba ileile, ukikosa ndege wanalazimika kukutafutia nyingine. Kikiwa na namba yake, uko peke yako. Msidanganyike na PNR, maana wakala anaweza kupanga tiketi mbili kwenye PNR moja, ukadhani umeunganishiwa. Nimeona watu wengi wamelizwa hapo, wengine na wazee wao kwenye viti vya magurudumu.

Kutoka: Deus, Leeds

Dada Adelina pole. Lakini jamani tuache kusoma ratiba za ndani kama za Arlanda, uwanja wa Stockholm. Ndege ya Bukoba mara nyingi haiendi na kurudi tu, inazunguka: Dar–Bukoba–Mwanza–Dar, au kinyume chake. Ile ya Precision iliyoanguka ziwani 6 Novemba 2022 ilikuwa inakwenda Mwanza kwa kupitia Bukoba. Ndege ni moja, imeanza alfajiri. Mvua ikishuka juu ya ziwa inageuzia Mwanza, na kila kituo cha mbele kinasogea. Jeti haitui Bukoba, ni ATR na Q400 tu, ndege ndogo za mapanga, kwa hiyo hakuna ndege kubwa ya kuja kubeba waliobaki. Viwanja vingi vya mikoani vimekuwa bila taa, ndiyo maana kila shirika linagombania saa za mchana. Ukiona kwenye mtandao wao mstari ulionyooka kutoka Dar hadi kwenu, uliza unapitia wapi kwanza.

Mimi siku hizi nakwenda Mwanza, A220, jeti ya Air Tanzania, inatua pale. Kutoka hapo ni barabara. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, ile foleni ya kivuko imekwisha. Au panda meli usiku, unaamka Bukoba.

Kutoka: Bi Salma, Stockholm

Meli sipandi. Tulizika watu wa MV Bukoba, meli iliyozama 21 Mei 1996. Na tangu 2022 hata ATR nikiiona inashuka juu ya ziwa, pale inapopita kisiwa cha Musira na maji yanakuwa karibu kabisa na dirisha, nashika mkono wa jirani hata kama simjui. Watu 19 walikufa katika ile ya Precision. Wavuvi ndio waliowahi na mitumbwi.

Kutoka: Adelina, Malmö

Asanteni wote. Tiketi zangu ni namba mbili, nimeshaona. Lakini kuhusu barua, kuna aliyewahi kuipata? Bima wamenipa muda hadi mwisho wa mwezi.

Kutoka: Baba Koku, Uppsala

Peleka malalamiko TCAA CCC, lile baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga. Ila mimi nawaambia kila mwaka hamnisikii: watu wa Kagera njia yetu ni Entebbe. Unatua Uganda, gari hadi Mutukula mpakani, umevuka, kilomita kama 80 uko Bukoba unakunywa kahawa ya nyumbani. Dar huioni kabisa.

Kutoka: Deus, Leeds

Mzee, mwambie yote basi. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, lazima. Na mwenye pasi ya Kiswidi anahitaji viza ya Uganda, kisha viza ya Tanzania pale mpakani. Ile viza ya pamoja ya Afrika Mashariki ni Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo.

Kutoka: Wanjiru, Oslo

Poleni majirani. Sisi nasi tuna yetu. Ukitua JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, na tiketi ya Lamu, angalia kama inaondokea JKIA au Wilson, maana ni viwanja viwili na katikati kuna jam ya Nairobi. Jambojet, shirika la ndani, iko jengo la 1D palepale JKIA, unatembea. Lakini hii ya kulipia viza kwenda kuzika baba yako mkubwa inaniuma. Sisi Wakenya Katiba ya 2010 ilitumalizia, tuna uraia wa nchi mbili.

Kutoka: Bi Salma, Stockholm

Wanjiru umegusa kidonda. Hela tunatuma, ada tunalipa, misiba tunachangia, lakini pale T3 nasimama mstari wa wageni na watalii wenye kofia za jua, na afisa anaulizia booking ya hoteli. Nalala kwa mama!

Kutoka: Deus, Leeds

Kuna hadhi maalum sasa, kwa wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nje.

Kutoka: Bi Salma, Stockholm

Hadhi maalum si uraia, Deus, na haikupi kura. Tusichanganye mambo. Tunadai uraia pacha.

Kutoka: Baba Koku, Uppsala

Hilo tutalibeba kwenye kikao. Kwa sasa, nani anapita Entebbe Krismasi? Natafuta watu watatu wa kuchangia gari hadi Mutukula, tunaondoka uwanjani alfajiri. Mwenye mabegi zaidi ya mawili aseme mapema, gari ni Noah, ile van ndogo ya Toyota.