Ukoo unasema 1916, bunduki inasema 1917: nimwamini nani?

Mlinzi wa Kale ameuliza:

Ndugu wakusanyaji, naomba mwongozo wenu kabla sijakamilisha ununuzi. Familia moja imekubali kuniuzia bunduki ya Lee-Enfield, ya jeshi la Uingereza, ambayo, kwa maelezo yao, baba wa babu yao aliibeba katika Vita Kuu ya Kwanza na kupigana nayo kwenye mapigano ya Somme, huko Ufaransa, ya mwaka 1916. Pamoja na bunduki hiyo wananipa picha ya askari mwenyewe akiwa na sare, na medali zake mbili, moja ya fedha na nyingine ya rangi ya shaba. Kwenye kitako, upande wa kushoto, herufi mbili za jina lake zimechongwa kwa kisu.

Tatizo nililiona nilipoikagua. Upande wa kulia, pale mbao ya kitako inapoingia kwenye chuma, kuna taji, herufi G.R. (za Mfalme George), jina la kiwanda B.S.A. Co., mwaka 1917, na chini yake SHT. L.E. III, yaani Lee-Enfield fupi ya muundo wa tatu, yenye nyota. Aidha, namba iliyo kwenye mpini wa bolti, kile chuma kinachosukuma risasi na kuifungia ndani, hailingani na ile ya mwili wa bunduki. Mzee wa familia hiyo anaisimulia habari hii kwa moyo wote, nami sioni sababu yoyote ya kumdhania uongo. Je, niichukulie hadithi yote kuwa imeanguka, na niiandike vipi katika kumbukumbu zangu?

Chapa na Namba amejibu:

Ndugu Mlinzi, ulichosoma ni sahihi: bunduki hiyo ilitengenezwa na kiwanda cha Birmingham Small Arms mwaka 1917, kwa hiyo haikuwapo Somme kati ya Julai na Novemba 1916. Nyota iliyo baada ya III haipingani na jambo hilo, kwa maana muundo huo uliidhinishwa mwaka 1916 ili kazi ya viwandani iende haraka, na ndiyo sababu bunduki nyingi za aina hiyo hazina kile kibao cha kuzuia risasi za magazini zisipande, wala vile vilengeo vya pembeni vya masafa marefu, wala kisahani cha shaba cha kitakoni kilichokuwa kikiandikwa kikosi. Kama yako haina kisahani hicho, usiichukulie kuwa imeibiwa kitu.

Hata hivyo, ningekuomba usiharakishe kuitupa hadithi. Watu wengi husahau kwamba ardhi ya Somme ilipiganiwa tena. Tarehe 21 Machi 1918 Wajerumani walianzisha shambulio kubwa lililopita katika maeneo yaleyale, na mwezi Agosti mwaka huohuo Waingereza wakarudi kuyapigania. Askari aliyeishika bunduki ya mwaka 1917 angeweza kabisa kurudi nyumbani na kusema, bila kuongeza chumvi, kwamba alipigana Somme. Kisha wajukuu waliolisoma jina hilo shuleni likiwa limeambatana na mwaka 1916 wakaukamilisha mwaka wenyewe. Nimeona koo nyingi ambazo zimelihifadhi jina la mahali kwa uaminifu na kuipoteza tarehe, na mara chache sana nimeona kinyume chake.

Suala la bolti halinisumbui kama ushahidi wa kihistoria. Bunduki za majeruhi zilikusanywa, zikapelekwa kwa mafundi silaha, zikatengenezwa na kutolewa kwa mtu mwingine, na wakati mwingine bolti ilibadilishwa miaka mingi baadaye. Linanisumbua kiusalama: kila bolti ilipimwa na kurekebishwa kwa mwili wake, na isipolingana, nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi inaweza kuwa kubwa kupita kiasi, hata ganda la risasi likapasuka ndani ya chemba. Isifyatuliwe mpaka fundi mwenye vipimo vyake aikague.

Kuna swali moja zaidi ambalo nalipa uzito kuliko yote. Bunduki ilikuwa mali ya serikali, na askari alipomaliza utumishi aliirudisha. Tafuta kwenye chuma na kwenye mbao mishale miwili midogo iliyogusana ncha kwa ncha, kwa kuwa mshale mmoja ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na miwili inayotazamana huonyesha kwamba kitu kiliuzwa nje ya jeshi. Tafuta pia mihuri ya kiraia ya kupima mtutu, na jina la kampuni iliyoiingiza nchini, ambalo sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inalidai kwa kila bunduki inayoingizwa huko. Bunduki yenye alama hizo imepita sokoni. Haikutoka moja kwa moja begani mwa askari.

Msoma Nyaraka amejibu:

Mwenzangu ameisoma bunduki. Mimi nazitazama medali, kwa sababu humo ndimo aliko mtu mwenyewe. Zigeuze uone ukingo. Medali za Uingereza za vita hivyo zina namba ya askari, cheo, jina na kikosi chake vilivyopigwa kwenye ukingo, na bila namba hiyo utatafuta jina linalofanana na mamia ya mengine.

Uwepo wa medali mbili tu una maana. Aliyeingia katika uwanja wa vita kabla ya mwisho wa 1915 alistahili pia medali ya shaba yenye umbo la nyota, ama ya 1914 ama ya 1914-15. Ikiwa familia haijawahi kuwa na nyota hiyo, inaelekea askari wao alivuka bahari mwaka 1916 au baadaye, jambo ambalo linakubaliana vizuri na bunduki yako.

Ukishapata namba, tafuta faili lake katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, lakini ujiandae kulikosa: mwezi Septemba 1940 mabomu yaliteketeza ghala la jeshi jijini London, na takribani asilimia 60 ya mafaili ya askari wa vita hivyo yakapotea. Hasara ya namna hiyo iliwapata pia Wamarekani tarehe 12 Julai 1973, moto ulipoangamiza kule St. Louis takribani asilimia 80 ya mafaili ya askari wa nchi kavu walioondoka jeshini kati ya 1912 na 1960. Faili likikosekana, soma shajara ya vita ya batalioni yake. Haitamtaja kwa jina, kwa kuwa iliandikwa na maofisa na askari wa kawaida hutajwa humo kwa nadra, ila itakueleza batalioni ilikuwa wapi siku ya tarehe 21 Machi 1918, na hilo ndilo unalolihitaji.

Fundi Mbao amejibu:

Nakusihi usipige msasa kitako hicho, wala usikipake vanishi. Zitazame zile herufi kwa lenzi: zikiwa na kingo zilizolainika na mafuta meusi yaliyoganda ndani ya mkato, zimeshikwashikwa kwa muda mrefu, zikiwa na kingo kali na mbao nyeupe ndani, zimechongwa juzi. Kitambaa laini chenye mafuta kidogo ya kitani kinatosha kwa mbao. Chuma kipakwe mafuta mepesi, na bunduki isihifadhiwe ndani ya ala ya ngozi, kwa maana ngozi hushika unyevu na kuleta kutu.

Mlinzi wa Kale ameandika tena:

Nawashukuru sana. Nimeyafanyia kazi maelezo yenu: mishale miwili inayotazamana ipo kwenye mbao, karibu na bamba la kitako, na mkato wa herufi umejaa uchafu mweusi. Kwa hiyo bunduki iliuzwa nje ya jeshi, nami bado nataka kuichukua pamoja na picha na medali.

Chapa na Namba amejibu:

Ichukue, baada ya kuhakikisha sheria ya mahali ulipo inakuruhusu kuimiliki ikiwa bado inaweza kufyatua. Kisha mwombe mzee yule akusimulie tena, umrekodi, naye atie sahihi chini ya maandishi. Katika kumbukumbu zako tenga sehemu tatu: yale ambayo chuma kinayasema, yale ambayo nyaraka zinayasema, na yale ambayo familia inayasema, kwa maneno yao na kwa jina la aliyesimulia, hata pale yanapopingana. Uuzaji nje ya jeshi hauzuii uwezekano kwamba askari huyo aliinunua baadaye na kuchonga herufi zake mwenyewe. Muulize mzee ilianza kuonekana nyumbani mwaka gani, na nani alikuwa ameishika.