Umeme tuli una kazi gani nje ya darasa? Na kopi zangu zinafifia mvua zikianza

MamaKopi_Chikongola
Habari za jioni ndugu zangu. Nina steshenari ndogo hapa Chikongola, Mtwara mjini. Mwanangu wa kidato cha pili kaja na swali la fizikia: taja matumizi ya umeme tuli katika maisha ya kila siku. Tukajaribu ile ya kusugua kalamu ya plastiki kwenye nywele ili inase vipande vya karatasi. Mwezi wa nane ilinasa vizuri, jana haikunasa hata kimoja, na mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Nikamwambia huo umeme ni wa kuchezea tu, hauna kazi. Tangu hapo roho inanisuta, sipendi kumdanganya mtoto.

La pili ni biashara. Mvua zikianza, mashine yangu inatoa kopi zilizofifia, zenye mabaka meupe. Wakulima wa korosho wanaleta vitambulisho, nawarudishia kopi isiyoonyesha sura. Nimebadilisha tona mara mbili, hela imekwenda bure.

FundiMashine_Ligula
Shikamoo mama. Maswali yako yote mawili jibu lake ni moja: hiyo mashine inayokulisha inafanya kazi kwa umeme tuli.

Ndani kuna dramu, yaani silinda inayozunguka. Inatiwa chaji gizani, kisha mwanga unatua kwenye karatasi yako halisi na kurudi kwenye dramu. Palipo peupe mwanga unafuta chaji, palipo na maandishi chaji inabaki. Unga wa tona unanasa hapo hapo, kama vile vipande kwenye kalamu. Halafu karatasi inatiwa chaji kwa nyuma, inauvuta unga kutoka kwenye dramu, na rola ya moto inauyeyusha ushike. Ndiyo maana kopi hutoka ya moto.

Sasa karatasi ikinyonya unyevu, chaji inavuja, haina nguvu ya kuvuta unga. Kalamu ya mwanao imekwama kwa unyevu huohuo. Tona haina kosa, mama. Rimu unaziweka wapi? Usizianike juani, zitajikunja na kukwama ndani.

Mwambie mwanao pia kwamba Chester Carlson wa Marekani alipata kopi ya kwanza tarehe 22 Oktoba 1938, kule Astoria, New York. Bamba la zinki lililopakwa salfa alilitia chaji kwa kulisugua na kitambaa tu. Hana tofauti na mwanao na kalamu yake.

Grili_Lindi
Aongeze rangi ya unga. Nilifanya kazi karakana moja Dar: bunduki inautia unga chaji, grili imeunganishwa na waya wa ethi, unaoingia ardhini, basi unga unaikimbilia wenyewe, unazunguka mpaka nyuma ambako hujapuliza. Kisha tanurini, nyuzi 200 hivi. Rangi ya brashi haifiki kona zile.

MamaKopi_Chikongola
Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Rimu nilikuwa naziweka sakafuni, ukuta ule unaopigwa na mvua, tena zimefunguliwa. Leo nimepandisha zote kabatini, nimezifunga kwenye nailoni. Nikafungua mpya, nikatoa kopi ya kitambulisho cha mzee wa Nanguruwe. Sura imetoka mpaka makunyanzi, akacheka kujiona.

Mtoto nimemwomba radhi. Yuko hapa mezani anaandika, kaniuliza Carlson inaanza na herufi gani.