Naomba ushauri: istilahi za Kigiriki kwenye uuguzi zinanichanganya

Habari zenu wakuu. Nasoma uuguzi mwaka wa kwanza, na istilahi zinanitoa jasho. Mwalimu katuambia tusikariri neno zima, tulikate vipande: "kardia" ni moyo, "haima" damu, "nephros" figo, na likiishia na "itis" jua kiungo kimevimba na kinawaka. Hapo sawa. "Hypo" ndiyo ilinikaa siku ya kwanza tu, maana inatamkwa "haipo": sukari haipo ya kutosha, imeshuka! Ndugu yake "hyper", imepanda.

Shida inaanza Kilatini kinapoingia. Figo hiyohiyo kwa Kilatini ni "ren", na kitabu kimoja kinatumia yote mawili. Mbaya zaidi ni "ped": ikitoka kwa Wagiriki ni mtoto, ikitoka Kilatini ni mguu. Kwenye jaribio nikampeleka daktari wa watoto akatibu nyayo, darasa zima likacheka.

Mliopita njia hii, mlikuwa mnatofautishaje? Nitengeneze kadi za mizizi, lugha kila moja na rangi yake, au nikariri tu? Mtihani ni mwezi ujao.