Sungura wa binti yangu kafa usiku, kila ofisi yanirusha kwa mwenzake

Mama Neema (Midlands, Uingereza), Alhamisi 6 Novemba, saa 4:12 asubuhi

Wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Nisameheni kuleta jambo la sungura mbele ya watu wazima. Neema, kitinda mimba wangu, ana miaka tisa na alikuwa na sungura wawili, Mchele na Kunde. Tulirithi kwa jirani Mghana aliyehamia Kanada. Leo nimetoka zamu ya usiku, nikapita kibandani kuwapa maji, Mchele kalala ubavu, amekauka, macho wazi. Hana jeraha. Jana magharibi alikula giligilani mkononi mwa mtoto, mzima kabisa. Puani kuna kitone chekundu, au ni udongo, sikuweza kutofautisha na usingizi ule.

Nimepiga simu tangu saa mbili. Kliniki wanataka pauni 210 kwanza ndiyo wampasue, na kadi ya chanjo. Kadi ninazo, za jirani, mhuri wa 2019. Kaunsili (halmashauri ya mji) wakasema wao huchukua mzoga tu kwa malipo, mambo ya ugonjwa nipige namba ya serikali. Namba ya serikali wakasema nirudi kliniki. Nilipouliza kama naweza kumzika bustanini, nikapelekwa kwa afisa wa nyumba, naye swali lake la kwanza: "Ulijaza fomu ya kibali cha kufuga?" Sikujaza. Nyumba ni ya kaunsili, mnajua hali.

Kwa sasa nimemfunga mfuko mara mbili, nimemweka friza, chini ya dagaa.

Swali langu ni moja: nini kimemuua, na Kunde aliyebaki yuko salama? Neema anarudi kutoka shule saa tisa na nusu. Sijamwambia.

---

Bi. Mwanakombo (Leicester), saa 4:50 asubuhi

Pole mwanangu, na mpe pole Neema.

Hapo hakuna la kuchunguza. Jana ilikuwa tarehe 5, usiku wa fataki. Sungura moyo wake mdogo, akishtuka anakufa papo hapo. Mimi wangu alikufa hivyo hivyo wakati wa Diwali, na sisi huku tunakaa karibu na Belgrave Road, fataki zake si za mchezo, vioo vya dirisha vinatikisika. Asubuhi nikamkuta kajibana pembeni kama amekumbatia ukuta. Tangu hapo kila ikikaribia Diwali namwingiza ndani huyu wa sasa, namfunika blanketi juu ya tundu, nafungulia redio Kiswahili ya BBC apoe.

Kuhusu fomu, usijibu kitu kwa simu. Waambie wakuandikie.

---

Mwita (Reading), saa 6:05 mchana

Bi. Mwanakombo, kwa heshima zote, si kila kifo cha tarehe 5 ni fataki. Sungura wanaoishi hapa wangekuwa wameisha wote.

Hilo ni tumbo. Sungura hana uwezo wa kutapika. Tumbo likisimama, gesi inajaa, amekwisha. Wangu alikaa siku moja hajagusa nyasi kavu wala hajaacha kinyesi, nikadhani anadeka. Kesho yake hayupo. Daktari akaniambia sungura asipokula nusu siku ni dharura kama mtoto mchanga mwenye homa.

Na hizo pauni 210 za nini? Nenda PDSA, wale wa hisani wanaotibu wanyama wa wasio na uwezo.

---

Mama Neema, saa 6:20 mchana

Kaka Mwita, PDSA wanaangalia kama unapata UC (Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) au msaada wa kodi. Mimi sipati, mume bado ana NRPF, viza isiyoruhusu misaada ya serikali, tunaogopa hata kugusa. Na Mchele alikuwa anakula mpaka jana jioni, kinyesi kimejaa kibandani.

---

Mwita, saa 6:31 mchana

NRPF ni ya mume, si yako. Wewe una ILR, kibali cha kukaa daima, au huna? Watu hapa jamvini mnachanganya haya mambo kila wiki. Kama una ILR unaweza kuomba UC kwa upande wako, ila mpate ushauri kabla, isije ikaharibu ombi lake akifika miaka mitano.

---

Bi. Mwanakombo, saa 7:15 mchana

Mwita, mtu amefiwa na wewe unamwuliza ILR. Na mimi sikusema kila kifo. Nimesema hiki.

---

Baba Bahati (Köln), saa 8:02 mchana

Mama Neema, pole sana. Miye nilikuwa na sungura hapa Ujerumani, ya mutoto wangu, na ni miye mwenyewe nilimuua. Naandika ili mutu mwingine asirudilie.

Alikuwa anapiga chafya. Kwa nyumba tulikuwa na dawa ya mutoto ya masikio, amoksisilini ya maji, ilibakia kidogo kwa chupa. Nikamupatia kwa bomba ya sindano bila ncha, kwa kinywa. Nikajisikia muganga. Siku tatu akaanza kuhara, ya ine akakufa. Muganga wa nyama alinikasirikia vikali: ile dawa kwa kinywa inaua vidudu bizuri ya tumbo ya sungura, bibaya binabaki peke yao. Kwa mutu ni dawa, kwa sungura ni sumu.

Kwetu Bukavu batu banafuga simbilisi na sungura ndani ya jikoni, pembeni ya moto, ikikufa hakuna anauliza sababu. Huku Bahati aliniuliza sababu miezi sita. Nilimwambia baridi. Mpaka leo anajua ni baridi.

---

Bi. Mwanakombo, saa 8:20 mchana

Subhanallah. Na ile dawa ya matone ya viroboto ya paka, Frontline, msimwekee sungura kamwe. Imeandikwa kwenye boksi lenyewe, lakini nani anasoma boksi.

---

Dkt. M. (Yorkshire), saa 2:40 usiku

Shikamoo Bi. Mwanakombo. Mama Neema, pole.

Nitangulize hili. Nilisoma udaktari wa mifugo SUA, Morogoro, nikafanya kazi Dodoma miaka sita, ng'ombe na mbuzi. Hapa mimi si MRCVS, yaani daktari wa mifugo aliyesajiliwa kwao. Sheria yao ya 1966 haimruhusu asiyesajiliwa kusema mnyama wako ana ugonjwa gani, na mtihani wa kusajiliwa bado sijaumudu, ada wala Kiingereza chake. Hivi sasa nasimama kwenye mstari wa machinjio nikikagua maini ya kondoo, saa nane kwa siku. Kwa hiyo haya chukueni kama maneno ya mwenzenu tu.

Friza: wengi hufanya hivyo, usijilaumu. Barafu hupasua chembe za nyama, na mtu akitazama kwa hadubini haoni vizuri. Mzoga unaotaka kuchunguzwa hukaa friji ya kawaida, umefungwa, upelekwe ndani ya siku moja au mbili. Hata hivyo kirusi kinaweza kutafutwa kwenye ini lililoganda. Waulize kliniki kama wanaweza kuchukua kipande cha ini pekee wapeleke maabara, badala ya kumpasua mwili mzima. Bei hushuka.

Kwa nini ini? Kwa sababu ukiniambia sungura kala jioni, asubuhi kakauka, hana jeraha, na labda tone la damu puani, jambo la kwanza nitakalotaka liondolewe kwenye orodha ni RHD2, aina ya pili ya RHD, ugonjwa wa kirusi unaoua sungura kwa kuvuja damu. RHD ya kwanza ilionekana China mwaka 1984, ikafika Uingereza 1992. Hii ya pili ilijulikana Ufaransa mwaka 2010, na ndiyo inayosumbua sasa. Inakula ini na kuvuruga damu, mara nyingi haitoi dalili yoyote. Damu puani huonekana kwa baadhi tu, kwa hiyo ikiwepo inakutia shaka, isipokuwepo haikutoi shaka. Huletwa na sungura pori, viatu, nzi, nyasi zilizochumwa mahali pao. Inaishi nje ya mwili miezi. Haimpati binadamu.

Fataki zinawezekana pia, Bi. Mwanakombo yuko sahihi kwamba hofu inaua. Tumbo mara nyingi huacha ishara mapema, kama Mwita alivyosimulia mwenyewe. Moyo mbovu, uvimbe wa ndani, vyote vipo. Kwa macho huwezi kuvitenganisha, na anayekwambia anaweza anakubahatishia.

Kunde: mwingize ndani, usilete sungura mwingine, kibanda kioshwe kwa sabuni kisha jiki iliyochanganywa na maji, iachwe dakika kumi kabla ya kusuuza. Akigoma kula, usingoje miadi. Na chanjo mara tu kliniki watakapokubali. Kinga inachukua kama wiki tatu kusimama.

Nauliza: Neema huchuma majani wapi?

---

Mwita, saa 3:05 usiku

Daktari asante, ila nikusahihishe. Chanjo ya Nobivac haifuniki RHD2. Mimi niliambiwa na kliniki yangu, nikachomewa ya pili tofauti, Filavac, na nikalipa mara mbili.

---

Dkt. M., saa 3:22 usiku

Ndugu Mwita, unazungumzia ile ya zamani, Nobivac Myxo-RHD. Ilikuja tangu 2020 yenye neno "Plus" mwishoni, hiyo inafunika zote mbili pamoja na miksomatosisi, ugonjwa mwingine wa kirusi wa sungura. Neno moja tu kwenye kadi.

---

Mwita, saa 3:24 usiku

Sawa. Wangeandika kwa herufi kubwa.

---

Kibe (Aberdeen), saa 3:51 usiku

Jamani, mimi nilifungua hii nikidhani ni habari za eVisa. Kuna mtu hapa kaulizia wiki iliyopita mwajiri kagoma kutoa CoS mpya (cheti cha udhamini wa viza ya kazi), hakuna aliyemjibu, na sungura kapata majibu kumi kwa siku moja.

Si vibaya. Nasema tu. Nyanya yangu Kiambu alikuwa na sungura arobaini, na tuliwajua kwa jina moja: nyama.

---

Bi. Mwanakombo, saa 4:10 usiku

Kibe, wewe una pasipoti mbili mfukoni tangu katiba yenu ya 2010, umeshiba, ndiyo maana una nafasi ya kupima msiba wa mtu mwingine. Sisi Watanzania tukichukua ya huku tunavuliwa ya kwetu. Miaka ishirini na tatu nimekaa Leicester na bado naomba viza kwenda kumzika dada yangu Pangani.

---

Kibe, saa 4:18 usiku

Pole Bi. Mwanakombo, sikujua habari ya dada. Sikumaanisha hivyo.

---

Bi. Mwanakombo, saa 4:40 usiku

Yameisha. Ni mwezi wa tatu sasa.

Unajua kilichoniuma leo ni nini? Bibi yetu alitusimulia hadithi, sungura ndani yake hafi. Analala chini kama amekufa, simba anamnusa, anaondoka zake, sungura anainuka anapiga kofi. Dada alikuwa akifika hapo ananifinya nisilie, kwa kuwa mimi kila mara nilidhani safari hii amekufa kweli. Nimesoma "amekauka, macho wazi" nikamkumbuka.

---

Baba Bahati, saa 4:58 usiku

Kwetu pia hafi. Ni fisi anakufaka.

---

Mama Neema, Ijumaa 7 Novemba, saa 11:30 jioni

Wanajamvi, asanteni wote. Bi. Mwanakombo, Mungu amrehemu dada.

Nimepata kliniki nyingine, wamekubali kuchukua ini peke yake, pauni 85, nimelipa nusu. Majibu wiki ijayo au inayofuata. Dada wa mapokezi kasema kwa sababu aligandishwa, wakipata "hakuna kirusi" haitakuwa na maana kwamba tutajua kilichomuua, ni kwamba tutajua kimoja ambacho hakikumuua.

Dkt., kadi nimeangalia. Nobivac Myxo-RHD. Hakuna Plus, na baada ya 2019 hakuna mhuri wowote. Nilipokea kadi zile nikaziweka kwenye droo pamoja na BRP za zamani (kadi za ukaazi), nikijua nina chanjo. Majani Neema alikuwa anachuma nyuma ya shule, kwenye uwanja. Jana jioni nilikwenda kupaona. Sungura pori wako pale kama kuku.

Nimemwambia. Aliuliza kama ni yale majani. Nikasema bado hatujui, na kwa sasa ndiyo kweli.

Kunde yuko jikoni, anakula. Kila nikiamka usiku naenda kusikiliza kama anatafuna.

Jambo jingine. Afisa wa nyumba kanitumia ile fomu ya kibali kwa barua pepe, niirudishe kabla ya Jumatano. Kuna kisanduku: idadi ya wanyama wanaofugwa. Niandike mmoja au wawili? Nikiandika mmoja, si nilishawaambia kwenye simu kwamba mwingine amekufa?

---

Mwita, saa 11:42 jioni

Mmoja. Ila angalia juu kulia kabla hujaandika chochote, hiyo ni fomu ya mpangaji mpya au ya mabadiliko? Ni mbili tofauti.