Mrejesho: Meko ya matofali au jiko la chuma, hapa Njombe

Habari zenu ndugu. Mwezi wa tano niliomba ushauri: nijenge meko ya matofali sebuleni au ninunue jiko la chuma lenye bomba la moshi? Wengi mlisema matofali, maana yakishashika moto hutunza joto muda mrefu. Ni kweli. Lakini fundi alipokuja aligonga sakafu kwa kisigino akasema, "Mama, uzito huu unataka msingi wake." Nyumba imeshaisha, ningeanza kubomoa.

Nikachukua la chuma. Bomba tumelipitisha mbali na mbao za dari. Nyuma ya jiko fundi alijenga ukuta mfupi wa matofali ya kuchoma, akaacha nafasi ya upana wa kiganja. Chuma hupoa upesi moto ukizimika, ila ukuta ule saa mbili baadaye bado una joto. Mama mkwe hukaushia soksi za wajukuu hapo.

Kuni ni miwati iliyokauka vizuri, mbichi hujaza masizi bombani. Na jiko la mkaa chumbani nimeacha kabisa, gesi yake haionekani na inaua. Aliyenipa wazo la ukuta, nakushukuru sana.