Wikiendi ya kutazama nyota Ziwa Natron mwezi Juni: tujiandae vipi?

Mkesha_Arusha (mwanzisha mada)

Wanajukwaa wenzangu, salaam.

Kikundi chetu kidogo cha watazama nyota wa kujifurahisha hapa Arusha kimekubaliana kwenda kupiga kambi Engaresero, kando ya Ziwa Natron, kuanzia Ijumaa tarehe 12 hadi Jumapili tarehe 14 Juni 2026. Tumeichagua wikiendi hiyo kwa sababu giza la mwezi linaangukia alfajiri ya Jumatatu tarehe 15, kwa hiyo usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi mwezi hautachomoza mpaka karibu na mapambazuko.

Tunayo darubini ya kioo ya inchi 8 ya mtindo wa Dobson (bomba juu ya kitako kinachozungushwa kwa mkono), darubini ndogo ya lenzi ya milimita 80 ambayo mwenzetu huifunga juu ya stendi ya ikweta, yaani ile yenye mota inayofuata mwendo wa nyota, kwa ajili ya kupiga picha, na darubini kadhaa za macho mawili. Shida yangu ni kwamba karibu kila mwongozo niliousoma umeandikiwa watu wa nchi za baridi: unasisitiza makoti mazito, mikanda ya umeme ya kuzuia umande, na kuilenga stendi kwenye Nyota ya Kaskazini, ambayo sisi hatuioni. Naomba waliowahi kukesha Natron, au kwingine bondeni, watueleze mambo ya huko yanavyokwenda hasa. Ninauliza zaidi kuhusu vumbi, kuhusu hiyo stendi ya ikweta, na kuhusu namna ya kugawa muda, maana tuna usiku miwili tu.

Mzee_wa_Darubini

Kijana wangu, tarehe mmeichagua vizuri kuliko mnavyodhani. Tarehe 9 Juni sayari za Zuhura na Mshtarii zitapishana kwa karibu sana, na mtakapofika Ijumaa zitakuwa bado hazijaachana mbali: Zuhura juu, Mshtarii chini yake, na chini zaidi Utaridi, ambayo siku hizo inafikia umbali wake mkubwa kutoka kwenye Jua na kwa hiyo haimezwi na mwanga wa magharibi kama ilivyo desturi yake.

Hapo ndipo mahali penyewe panapowatega. Kijiji cha Engaresero kimekaa chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na ukuta huo uko magharibi, hivyo anayebaki kambini hulipoteza jua mapema na Utaridi asiione kabisa. Ijumaa mkichelewa njiani, achaneni nayo. Jumamosi tokeni kambini saa kumi na moja jioni pamoja na mwenyeji, mwende upande wa ziwa penye uwanda, ili ukuta ushuke machoni penu. Msiliingize gari kwenye tope la chumvi hata kama wengine wameacha alama za magurudumu, kwa sababu ganda la juu huonekana kavu na chini yake ni uji. Nusu saa baada ya jua kuzama, yaani kama saa moja na dakika chache, sayari zote tatu zitaonekana kwa macho matupu. Giza kamili huingia kabla kidogo ya saa mbili, na wakati huo muwe mmesharudi kwenye vyombo vyenu.

Kusini, Ol Doinyo Lengai wenye mita 2,962 utawafichia kipande kidogo cha anga ya chini, ila hasara si kubwa, kwa kuwa Msalaba wa Kusini saa hiyo umesimama juu zaidi ya mlima. Geukeni kaskazini mtamwona Dubu Mkubwa naye amesimama. Anzeni na nebula ya Karina, lile wingu la gesi linalong'aa, kwa sababu inateremka kusini-magharibi na haitawangoja.

Sasa, kitu ambacho mimi ningekipanga kabla ya vyote ni hiki. Karibu na saa mbili na nusu, fungunyota la Omega Sentauri na galaksi ya M51 hupita kwenye mstari wa kusini na kaskazini ndani ya dakika chache, moja upande huu, nyingine upande ule, kila moja ikiwa karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Mtu wa Uingereza anaipata M51 juu ya kichwa chake lakini Omega haimchomozei kamwe. Mtu wa Cape Town ana Omega nzuri, na M51 kwake inajikokota karibu na upeo. Ninyi mnazipata zote mbili kwa kuizungusha Dobson nusu duara. Omega kwa macho matupu ni nyota hafifu yenye ukungu. Kwenye inchi 8 ukungu huo hupasuka kuanzia pembeni ukawa chembechembe, na ukituliza jicho chembe hizo huendelea kuingia mpaka katikati. Ni nyota zinazokadiriwa kufika milioni 10, katika umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi. M51 ni ya subira: kwanza mtaona vidoa viwili vya mwanga jirani kwa jirani, na mikono yake itakuja baadaye, kama giza ni la kweli na hakuna aliyewasha simu.

Kuanzia saa nne ni zamu ya makundinyota ya Nge na Mshale, na kitovu cha Njia Nyeupe kitafika juu kabisa saa saba kasorobo usiku. Zohali itachomoza karibu saa nane. Iacheni ipande hadi saa tisa ndipo muilenge. Pete zake bado ni nyembamba, kwa kuwa ni mwaka 2025 tu zilipotugeuzia ukingo. Atakayekuwa macho saa kumi na moja alfajiri ataona Kilimia kikichomoza, mwezi mwembamba ukiwa jirani.

Fundi_Vioo

Nitajibu la vumbi. Vumbi la Natron si vumbi la barabarani tulilolizoea. Ziwa ni la magadi, na Lengai ndiyo volkano hai pekee inayojulikana kutoa lava ya kaboneti, kwa hiyo unga mweupe mnaouona pale una asili ya magadi pia. Magadi ni besi, na utando wa alumini juu ya kioo cha darubini hauvumilii besi yenye unyevu. Likiwa kavu, vumbi hilo ni uchafu tu. Likipata unyevu wa umande, wa pumzi au wa kitambaa kilicholowa, linaanza kula utando. Kwa hiyo msifute kioo mkiwa kambini kwa sababu yoyote ile, wala msikipulize kwa mdomo. Tumieni kipulizo cha mpira, mfunike mdomo wa bomba kila mnapopumzika, hata kama ni kwa dakika za kunywa chai, na kioo kikihitaji kuoshwa kisubiri mpaka nyumbani, kwa maji yaliyochemshwa na kutoneshwa, yale ya kuongezea betri yakiwa safi.

Barabara ndiyo adui wa pili. Ukishaiacha Mto wa Mbu na kuipita Engaruka, kuna mawe, mikondo ya mito mikavu na mitetemo mifupi mifupi inayolegeza kila skrubu. Lilazeni bomba la Dobson juu ya godoro ndani ya gari, si kwenye keria, na lenzi za machoni mzipakate. Mkifika, kabla ya jua kuzama, kagueni skrubu za kioo kikubwa na za kile kidogo, kisha mvilinganishe upya. Nyota ikishatokea, itoeni kidogo nje ya fokasi: duara jeusi la katikati likikaa upande mmoja, bado hamjamaliza.

Dawa ya mbu nayo ina mambo yake. Zile zenye DEET huyeyusha plastiki na kuharibu utando wa lenzi, kwa hiyo jipakeni mapema, mnawe viganja kwa sabuni, na bora zaidi vaeni mikono mirefu na soksi.

Picha_za_Usiku_NRB

Habari za jioni kutoka Nairobi. Mimi hupigia picha upande wa Ziwa Magadi, huku Kenya, ambako latitudo na joto havitofautiani sana na vya Natron.

Stendi ya ikweta ilibuniwa ili mhimili wake uelekee ncha ya anga. Engaresero iko digrii mbili na nusu hivi kusini ya ikweta, kwa hiyo ncha ya kaskazini iko chini ya ardhi, na ile ya kusini iko digrii mbili na nusu tu juu ya upeo, nyuma ya milima. Hakuna nyota ya kulengea. Isitoshe, stendi nyingi hazikutengenezwa ili mhimili ulale karibu sawa na ardhi: kipimo cha latitudo huisha kabla ya kufika huko, na chuma cha uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi unapojaribu kuizungusha. Mwenzako aifunge nyumbani mchana, aizungushe pande zote, ajue inapogota. Kuinua mguu mmoja kwa kipande cha ubao kunaweza kuokoa digrii zinazopungua, lakini apime uthabiti kabla hajaipandisha kamera.

Kuilenga, aanze na dira, kisha atumie njia ya kufuatilia mtelezo: achague nyota iliyo juu karibu na mstari wa kusini na kaskazini, aiweke katikati ya lenzi kali yenye msalaba, na aitazame kwa dakika kadhaa. Ikiteleza kwenda kaskazini au kusini, mhimili umekosea kushoto au kulia. Akishaisawazisha hiyo, arudie kwa nyota iliyo chini upande wa mashariki ili kurekebisha mwinuko. Kazi hiyo hula saa nzima kwa asiyeizoea, na ndiyo maana ningemshauri usiku wa Ijumaa asihangaike nayo. Aweke kamera yenye lenzi pana juu ya miguu mitatu ya kawaida, apige picha za sekunde 15 au 20, na Njia Nyeupe ataipata bila mota yoyote.

Mikanda ya umande iacheni nyumbani. Kule kinachosumbua Juni ni upepo. Ningingʼinizeni dumu la maji chini ya stendi liwe uzito, na gari liegesheni upande unaotoka upepo.

Mkesha_Arusha

Shikamoo Mzee_wa_Darubini, na ninyi wengine asanteni sana. Nimechapisha majibu haya na kikundi kitayapitia Jumapili. Yamebaki mawili. Tukikesha mpaka alfajiri, tutalala saa ngapi katika joto lile? Na pili, kambi za pale huwa na wageni wengine. Tutafanyaje kuhusu taa zao?

Mzee_wa_Darubini

Marahaba. La taa ninamwachia anayekaa huko.

Mwenyeji_Mto_wa_Mbu

Nimepeleka wageni Engaresero kwa muda mrefu, ingawa wengi wao huja kwa ajili ya mlima, si nyota.

Kuhusu usingizi, muwe wakweli. Ziwa liko mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na hata Juni hema lililopigwa juani halikaliki kuanzia saa mbili asubuhi. Mtu aliyelala saa kumi na moja atapata saa tatu za usingizi, kisha atatoka amelowa jasho na hasira. Pigeni mahema chini ya miti, upande ambao kivuli kinakaa asubuhi na si jioni, na mje na turubai kubwa pamoja na mikeka, kwa sababu usingizi wa kweli mtaupata chini ya turubai lililo wazi pande zote. Jumamosi msijipangie safari ya maporomoko na ya kutazama heroe kwa pamoja. Chagueni moja, muende kabla jua halijakaza, halafu mlale mchana. Maji ya kunywa na kupikia hesabuni lita 5 kwa mtu kwa siku, na ya kunawa yawe mbali na hayo.

Chakula kizito, makande au wali maharage, kipikwe na kuliwa kabla ya saa kumi na moja. Baada ya hapo ni chupa za chai ya tangawizi, maandazi, karanga na ndizi, vitu ambavyo mkono unavipata gizani bila kuwasha tochi. Jiko likae nyuma ya magari, maana makaa yanayopepewa na upepo hung'aa kuliko mnavyofikiri.

Taa ndilo jambo la kuzungumza kabla hamjalipa. Pigeni simu kambini, mwelezeni msimamizi kwamba mnakuja kutazama nyota, mwombe awape kona ya mbali na baa na jenereta, na muulize taa za nje huzimwa saa ngapi. Wengi ni waelewa wakiambiwa mapema, na hakuna anayependa kugombezwa saa tatu usiku. Wapanda Lengai huondoka kati ya saa tano na saa sita usiku ili wafike kileleni kabla ya jua kuchomoza, na madereva wao huwasha taa kubwa wakati wa kugeuza. Muulizeni msimamizi kama kuna kundi la kupanda, mjue saa yake, na dakika hizo mfumbe macho au mnywe chai, kwa sababu jicho lililopigwa na taa nyeupe linahitaji dakika 20 hadi 30 kurudia hali yake. Kwa magari yenu wenyewe, bandikeni plasta nyeusi kwenye taa za ndani zinazojiwasha mlango ukifunguliwa. Tochi za kichwani zifungwe nailoni nyekundu mara mbili, si mara moja.

Viatu vikung'uteni kabla ya kuvaa, kwani nge wa ardhini nao wapo. Fedha taslimu mbebe za kutosha, kwa sababu kuna ushuru wa kulipia njiani na kijijini, mtandao wa simu haukamatiki kila mahali, na stakabadhi mzitunze mpaka mtakaporudi, kwa kuwa zinaweza kuulizwa tena kwenye kizuizi kinachofuata. Ramani za nyota zipakueni kwenye simu mkiwa bado Arusha. Mkinijulisha siku mtakayopita Mto wa Mbu, nitawaelekeza pa kujaza mafuta na kupima upepo wa matairi, likiwemo la akiba.